Kielelezo cha Afande Orrin

Afande Orrin Tveit alipata nusu ya cheti cha chuo kwa kulia tu! Ndivyo alivyojitangaza mezani, bakuli la viazi na nyama ya kusaga likifuka mvuke mbele yake.

Habari yenyewe ilikuwa kweli. Chuo cha wilaya kilikubali kuhesabu mafunzo ya depo ya polisi kama masomo. Miaka kumi na tisa iliyopita, Orrin alipuliziwa pilipili machoni kule depo akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Leo machozi yale yamegeuka krediti! Krediti ishirini na nne, ndizo alizopungukiwa ili awe sajenti. Karatasi zilitakiwa zimfikie msajili kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Zikichelewa, cheo kinakwenda kwa mwingine.

"Nitavaa joho kabla yako," akamwambia bintiye Solveig, aliyekuwa bado sekondari lakini tayari ana vipindi viwili vya chuo kwa wiki.

"Baba, hata mbwa wa polisi amepita depo."

"Amepita, tena yeye ukuta wa mazoezi aliuruka," Orrin akakiri, akaongeza viazi.

Jumatano bahasha ya matokeo ikafika kutoka depo, imefungwa kwa lakiri. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuipeleka. Lakini polisi hapeleki kitu asichojua kina nini ndani! Je, kama wameandika jina la mtu mwingine? Je, kama wameutaja ule ukuta?

Akavaa glovu. Akaichana. Akahesabu kurasa: mbili. Akazirudisha, akatia kila kitu kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga kwa utepe mwekundu, akatia sahihi juu ya utepe, kisha akaandika tarehe, saa na mahali: "Jikoni, mezani, kushoto kwa chumvi."

Hata mahakama ya juu isingekuwa na la kusema!

Ijumaa saa tisa na nusu alisimama mbele ya msajili, Bi Ardis Kolstad, sare imenyooka hadi inakata. Bi Kolstad akaugeuza mfuko kama anayekagua samaki wa juzi.

"Nani amefungua bahasha hii, afande?"

"Mimi. Nimeandika hapo. Saa moja na dakika kumi na mbili jioni."

Akaelezwa kwa upole kwamba chuo hupokea bahasha iliyofungwa na walioituma. Orrin akajitetea kwamba yeye ameifunga vizuri kuliko wao.

"Mtu akikuletea kielelezo kinachomhusu yeye mwenyewe," akauliza Bi Kolstad, "na amekifungulia nyumbani kwake, utakipokea?"

Swali hilo Orrin amelijibu mahakamani, kwa kiapo, mara zisizo na idadi. Kudanganya kungewezekana, lakini si ndani ya sare.

"Ningekikataa," akasema. "Halafu ningemcheka."

"Mimi sicheki," akasema Bi Kolstad, mabega yakimtikisika.

Depo ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari. Orrin akauacha mfuko pale mezani, akaenda zake kichwa chini. Cheo kikaenda kwa Pruitt, kijana aliyepeleka bahasha yake bila hata kuitupia jicho.

Mwezi uliofuata bahasha mpya ilikuja, safari hii kwa posta, moja kwa moja hadi chuoni. Krediti zake zikakubaliwa, zote isipokuwa tatu za somo la utunzaji wa vielelezo. Hilo, Bi Kolstad akamwandikia, itabidi alirudie darasani, maana ushahidi uliopo unaonyesha halikumwingia.

Basi Jumanne akajikunja kwenye kiti cha nyuma kabisa, magoti yakigonga meza, na jirani yake ni nani? Solveig! Kumbe hiki ndicho kipindi chake cha pili.

Mwalimu akainua mfuko wa plastiki wenye utepe mwekundu, akauliza nani anaweza kueleza kosa liko wapi.

Orrin akaona bora aibu aibebe mwenyewe, na angalau hili jibu alilijua. Akaanza kunyanyua mkono.

Solveig akamshika kiwiko, akamnong'oneza: "Baba, una haki ya kukaa kimya."