Barua Iliyopikwa Kimaabara

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu kapata jino la pili na kifungo cha kwanza. Kifungo! Nimekitoa mdomoni kwa kidole, roho mkononi. Jirani yangu fundi cherehani anamlea vizuri nikiwa kazini, ila sakafu yake imejaa pini. Kazini kuna chumba cha watoto. Kapeti! Walezi wawili! Nafasi imebaki moja, na mwisho wa kupeleka barua za maombi ni Alhamisi. Mama Kalamu, mwenzangu wa kwenye sinki, naye ana mtoto, naye anaitaka. Anaosha chupa kama mimi lakini mfukoni ana kalamu tano. Kasema barua yake ishapigwa chapa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata ujanja! Nilimuuliza Daktari wa maabara yetu (hatibu mtu yule) mbona chupa zake siku hizi hazichomi macho. Akasema zamani dawa ya vidonge waliitengeneza kwa kuchemsha makemikali makali. Sasa kazi inafanywa na vimeng'enya, kwenye maji ya uvuguvugu. Nikasema, si ndivyo vinavyosaga chakula tumboni? Akafurahi. Ndugu zao, akasema, ila hivi wamevifinyanga wenyewe. Wanachukua kimoja, wanatoa nakala nyingi, kila nakala wanabadili kijisehemu kimoja tu. Wanapima zote. Iliyoshinda inabaki, nyingine zinamwagwa (na nani? na mimi). Iliyoshinda inabadiliwa tena, inapimwa tena. Raundi juu ya raundi.

Mimi ni wa darasa la saba, lakini hilo limeingia. Jioni nimeandika nakala sita za barua, kila moja tofauti kwa neno moja. Kipimo: machozi ya jirani. Hayako mbali. Ya kwanza ilisema nina mtoto mchanga na mume wangu anakohoa. Kweli kabisa, ana mafua. Ya nne ilisema mume wangu anaumwa. Jirani akaweka mkasi chini. Imeshinda!

Jumatano, 5 Machi
Raundi ya pili. Imeshinda yenye neno "mahututi". Jirani kafuta machozi kwa suruali ya mteja. Mume wangu akapita anauliza chakula kiko wapi. Jirani akampa pole. Akashukuru, akasema mafua yenyewe yanaisha.

Alhamisi, 6 Machi
Raundi ya tatu, kabla ya kazi. Imeshinda "marehemu". Jirani kalia mpaka mwanangu naye kalia. Kasema alikuwa mtu mwema mno, juzi tu alimtengenezea mlango. Marehemu alikuwa uani anapiga mswaki. Najiambia si uongo, ni neno moja tu kwa siku. Nimeipeleka.

Ijumaa, 7 Machi
NAFASI NI YANGU! Mwanangu ataanza wiki ijayo! Afisa utumishi kanishika kwa mikono miwili, kanipa pole. Mama Kalamu kanililia begani. Niliona aibu kidogo, ikapita.

Daktari ndiye hana raha. Vimeng'enya vyake walivipima kwa rangi ya manjano vinayotoa kwenye maji, si kwa dawa, kwa kuwa rangi inaonekana upesi. Raundi nane! Sasa wamepata bingwa wa manjano, kutengeneza dawa yenyewe hajui kabisa. Kasema ukipima rangi utapata rangi, akafunika uso. Nimempa pole. Jamani, watu wamesoma vile, wanakosea kitu kilicho wazi hivi!

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne asubuhi, hodi. Afisa, Daktari, Mama Kalamu na wenzetu watano, nyuso chini, wamebeba sukari na unga. Mimi naanika nepi. Mume wangu kafungua mlango kifua wazi, mkate mdomoni, kawakaribisha. Afisa akamuuliza kwa upole yeye ni nani wa marehemu. Akasema yeye ni baba mwenye nyumba, marehemu yupi? Hapo jirani akatoka kwake, akaona wageni, akaangua kilio. Nikajificha nyuma ya nepi. Nepi ni fupi.

Jumatatu, 10 Machi
Nafasi imesimamishwa. Afisa anataka barua ya maelezo kabla ya Alhamisi: kwa nini nafasi asipewe Mama Kalamu, na kwa nini mimi nisifukuzwe. Mume wangu haongei nami tangu juzi. Kula anakula. Leo nimemkuta mwanangu chini ya cherehani, pini mkononi, anaicheka. Haikumchoma. Mimi ndiye niliyelia.

Nikajifuta, nikakaa nikafikiri kosa lilikuwa wapi. Nimeliona! Nakala sita! Daktari anatumia maelfu! Basi safari hii ishirini kwa kuanzia, na kipimo kigumu: mume wangu. Itakayomfungua mdomo ndiyo itakayoshinda. Nimemsomea kumi na tisa za kuomba radhi. Kimya, anatazama dari. Ya ishirini ikasema mume wangu amefufuka. Karuka kitini! Kaongea dakika ishirini nzima, kwa sauti, mpaka majirani wakafungua madirisha.

Imeshinda kwa mbali. Kesho naibadili neno moja.