Mwalimu wa Msafara

Jumatatu, 10 Mei 1847
Kesho wanaume wanachagua kapteni wa msafara wetu wa magari ya maksai kwenda magharibi. Wagombea ni Baba na Bwana Gaskill. Kapteni ndiye atakayeteua mwalimu wa kusomesha watoto magari yakipumzika mchana. Mwalimu huyo lazima niwe mimi! Nimemaliza shule Machi, wa kwanza kwa hesabu. Orpha Gaskill alikuwa wa tano. Lakini Orpha ana sauti, ana vishimo mashavuni, na watu wakimwona hufurahi. Mimi wananiita "yule mwingine."

Mpango: nimeoka pai za matofaa makavu. Wapiga kura wakiamka, kila gari litaikuta yake. Niwaambie zimetoka kwetu? Nitakufa kwa haya. Wataelewa wenyewe.

Jumanne, 11 Mei
Hawakuelewa. Wote walisema ni Orpha, nani mwingine? Orpha akaapa si yeye. Wakamsifu tena kwa unyenyekevu!

Kisha Baba na Bwana Gaskill wakatembea mbugani, huyu huku, yule kule, na kila mwanamume akamfuata amtakaye. Mwenye mkia mrefu ndiye kapteni. Mkia wa Bwana Gaskill ulikaribia mtoni. Nyuma ya Baba alisimama Mjomba Asahel, na mbwa. Mzee Pruitt alikuwa kwetu, akahama katikati ya njia, makombo yakiwa bado ndevuni. Akamwambia Baba, "Usinichukie, ndugu yangu. Tumbo nalo lina kura yake."

Pai yangu!

Jioni Orpha ameteuliwa mwalimu.

Alhamisi, 13 Mei
Hapa vumbi huliwa kwa zamu: gari la mbele leo, kesho linafunga mkia. Lakini ambaye hajawa tayari tarumbeta ikilia hupoteza zamu yake, na hukaa nyuma juma zima. Kesho wanaotangulia ni kina Gaskill. Mwalimu mwenye vumbi mpaka masikioni nani atamheshimu? Alfajiri nitamfungua ng'ombe wao wa maziwa. Watamtafuta, watachelewa. Safi.

Ijumaa, 14 Mei
Nilisahau sheria nyingine. Mnyama akipotea, mwenye mnyama hufunga maksai kwenye gari lake na jirani ndiye humtafuta. Jirani ni sisi! Baba alitoka mbio akisema jirani ni jirani hata kama amekushinda. Ng'ombe akarudi mwenyewe, anataka kukamuliwa. Baba hakurudi mpaka tarumbeta ilipokwisha kulia.

Tuko nyuma. Juma zima. Mama, kitambaa puani, alisema akimpata aliyemfungua ng'ombe yule atamfunga nira yeye mwenyewe. Nikakubali kwamba watu wengine hawana utu kabisa.

Jumamosi, 15 Mei
Orpha amekuja kwenye vumbi letu kwa miguu. Nilijua amekuja kunicheka. Kumbe hesabu za sehemu zimemshinda na watoto wanamzomea. Ameshamwomba baba yake shule nipewe mimi, naye amekubali. "Shoga, niokoe," alisema. "Kichwa unacho wewe, mimi nina meno tu."

Nikaitikia kwa kichwa.

Mimi ni mwalimu! Mimi!

Jumatatu, 17 Mei
Nimefundisha. Watoto wameelewa nusu na robo kwa kukata mkate. Mama Pruitt amesema hajaona mwalimu kama mimi. Ningefurahi sana, ila Orpha, kwa kuwa sasa hana kazi, amepewa farasi achunge ng'ombe wa akiba. Farasi! Amevaa kofia ya baba yake. Alipopita mbio watoto wangu wote waliacha mkate wakashangilia, na Mzee Pruitt akapiga mbinja.

Mimi nani aliwahi kunipa farasi? Kwa nini kila kizuri kiwe cha Orpha? Kweli, sijui kupanda, na farasi nawaogopa. Hayo ni madogo.

Mpango: kesho sauti itanikauka. Mwalimu bubu atafundishaje? Orpha atarudi ubaoni, farasi atabaki bila mtu, nami nitakuwa nimesimama karibu.

Nimeshaanza kukohoa.