Nisigandishwe Tangi Moja na Wendell

Port Huron, Michigan

Kwa Bwana Teasdale, Mwenyekiti wetu wa Chama cha Wanaosubiri Barafuni,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mkeo Bi Lorna limepona. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila nina donge moyoni, nalo ni Wendell Pruitt. Naomba afukuzwe chamani kabla hajafa, msije mkamgandisha pamoja nasi tunaongoja madaktari wa kesho watufufue.

1. Kwenye mikutano sisi tunaleta pai, yeye analeta mikono. Hujamaliza kumimina kahawa, vidole vyake vishafika kiunoni. Mimi mjane mtu mzima alininong'oneza, "Doreen mrembo, siku tutakapoyeyushwa tutakuwa vijana tena, na mumeo Gene alikataa barafu akazikwa. Nani atatuzuia?" Nilimmwagia kahawa. Akacheka!

2. Marcy, yule nesi wetu, Wendell alimfuata mpaka kwenye gari lake, akashika mlango usifungwe. Marcy amejitoa. Anasema atachomwa awe majivu, "afadhali moto kuliko Wendell." Na ndiye pekee kati yetu aliyejua kutafuta mshipa wa mtu aliyekwisha kata roho, atiwe dawa kabla ya kugandishwa.

3. Nilipokulalamikia ulinijibu, "Dada Doreen, kumfukuza ni kumnyonga. Nje ya tangi hakuna kesho." Haya. Kama kutoka chamani ni kufa, basi Marcy kauawa, na muuaji tunamkatia keki.

4. Mmenipanga tangi moja naye. Wanne wanne, kichwa chini miguu juu, miaka mia mbili! Mtasema atakuwa ameganda. Hamumjui Wendell.

5. Padre wangu anasema Mungu anayefufua mavumbi hashindwi na barafu, wala haihitaji. Basi Wendell azikwe kama Gene, amsubiri Mungu huko, hakuna aliyenyongwa. Mkimwonea huruma, aamshwe wa mwisho kabisa, sisi tukiwa tumeshavaa, tumekunywa kahawa, na tumewaonya mabinti wa karne hiyo.

Nisalimie Bi Lorna, wajukuu, na wote walioko matangini. Waambie nawaombea.

Ni mimi dada yenu katika Bwana na katika baridi,
Doreen Kowalczyk

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha simu ikalia. Ni Wendell, kaanguka jikoni kwake, baada ya gari la wagonjwa hana mwingine wa kumpigia. Nilifika kabla ya gari hilo. Alinishika mkono, safari hii kama mtoto, akasema, "Doreen, usiwaache wakanizika." Kisha akakata roho. Bwana Teasdale, barua hii ilikuwa mfukoni mwangu. Nimekiita kikosi chenu, nikamzungushia kichwani barafu yote ya sherehe ya kanisa niliyokuwa nayo garini, nikamsukuma kifua huku nasali mpaka kikafika. Mpokeeni. Na mimi mniache tangi lile lile, ubavuni kwake. Siku akiamka lazima pawe na mtu wa kumzaba kofi kabla hajamwona nesi.