Siku Tatu za Mita Nne na Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Injinia amefika. Binti mdogo, buti kubwa. Bwawa letu limezeeka, anasema. Ukuta utainuliwa, mji upate maji ya kutosha na watu wa bondeni walale bila hofu ya mafuriko. Safi kabisa. Kisha akaomba madaftari yangu yote ya kina cha maji, miaka thelathini, aone siku yalipopanda kuliko zote. Ukuta mpya utafuata namba hiyo. Nikacheka kama mtu aliyekalia mwiba.

Maana siku hiyo naijua. Sikuwepo! Mke wangu alishikwa na uchungu wa binti yetu, nikakaa naye hospitali siku tatu. Narudi, maji yameshashuka. Nikajaza mita nne na nusu, mara tatu. Na Ijumaa hii napewa cheti cha kutokosa kupima hata siku moja.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: daftari la mwaka ule limepotea. Nimelizika kwenye pipa la unga. Nani atalitafuta humo?

Saa sita mchana. Mpishi, ndiye atakayelitafuta humo. Mke wangu amelikung'uta, akampelekea injinia mwenyewe, na kumweleza kuwa mumewe siku hizi anasahausahau. Fundi pampu, hasimu wangu wa tangu na tangu, alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: kumwaga chai juu ya ukurasa. Nimejikwaa kwa ustadi mkubwa. Chai yote ikaingia kwenye buti la injinia. Akaniambia pole mzee, akauliza kama mimi nimeungua. Nimeona aibu, sana.

Fundi pampu naye hana dogo. Kamwambia mwaka ule maji yaliingia chumba cha pampu, mita nne na nusu haiwezekani. Nikasema huyo kila kitu anatia chumvi. Injinia akaniamini mimi. Akaandika nne na nusu.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yetu amepiga simu. Mimba yake imetimu, na anakaa bondeni, nyumba ya tatu kutoka mtoni. Amefurahi kusikia habari za ukuta. Anasema kwa namba za baba, atalala usingizi.

Nikamwambia mke wangu kila kitu. Nikangoja radi. Akasema anajua tangu zamani: ningepimaje maji huku nimemshika mkono, nalia kuliko yeye? Kisha akakumbuka jambo. Gari la kwenda hospitali lilipita juu ya ukuta, na yeye, ili asahau maumivu, alihesabu vidato vya ile ngazi ya chuma inayoshuka majini. Vilivyobaki juu ya maji vilikuwa viwili tu.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, na leo nimemtazama upya. Nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu kusema siwezi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeungama mbele ya kikao kizima. Injinia akashuka na tepu yake, akapima usawa wa vile vidato: mita sita na ushee. Ukuta utapanda zaidi. Cheti kapewa mke wangu. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa fundi pampu. Wa pili mimi.

Injinia akanishika bega. Siku usiyokuwepo, mzee, acha pengo. Pengo halimzamishi mtu. Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi

Binti kashikwa na uchungu! Mama yake yuko mlangoni na kikapu, ananihimiza. Hatutarudi kabla ya Jumatano. Mjukuu wa kwanza, nimwache nikapime maji? Thubutu.

Nimeshajaza daftari mpaka hiyo Jumatano. Lakini mtu hujifunza. Safari hii sikurudia namba moja. Nimezipandisha kidogo kidogo, zionekane za kweli.