Karatasi ya Njano Kwenye Gari la Mama Watoto

Jumamosi, 1 Machi

Kwako, Mama Watoto,

Leo nimepigwa tiketi. Si na polisi. Na duka. Lile duka kubwa ulilokuwa ukiingia kununua sabuni tu, halafu unatoka na ndoo, mapazia na habari za mtaa mzima. Niliegesha palepale, karibu na ukuta wenye maua, nikabaki ndani ya gari kama zamani. Sikuwa na cha kununua. Mazoea tu. Usingizi ukanipitia. Kuzinduka, karatasi ya njano imebandikwa kwenye kioo cha mbele, na mimi nimo ndani. Nimebandikwa kama bahasha, wala sikusikia.

Inasema nimezidisha muda katika maegesho binafsi. Ameandikiwa mwenye gari. Mwenye gari ni wewe. Nikaona si adabu kusoma barua yako. Nimeisoma.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi kutafuta ushauri wa kisheria. Usicheke. Anasema tiketi ya maegesho binafsi haina meno. Faini hutozwa na serikali. Mwenye duka ni raia kama wewe na mimi. Leo akikutoza huyu, kesho jirani atakutoza kwa kukanyaga kivuli chake. Wateja wote wakaafiki, hata yule aliyekuwa na povu mpaka mdomoni. Nilirudi nyumbani natembea kama hakimu. Nikaichana tiketi. Baadaye nikaigundisha tena, maana ina namba ya gari lako.

Jioni akaja binti yetu. Ukarani wa mahakama umemfanya mkali, au ameurithi kwako. Anasema kinyozi amepata nusu. Ni kweli hiyo si faini. Ni mkataba. Kibao kimesimama pale na masharti yake. Ukiegesha umeyakubali, ukiyavunja unadaiwa kama mdeni mwingine yeyote. Wakiamua kulifuata deni lao, watanipeleka kwa msuluhishi au mahakamani, na wakishinda nitalipa. Kinga yangu ni moja kati ya mbili: kibao kiwe hakionekani, au wanachodai kiwe kimepita kiasi.

Nikamwambia sijatia saini popote. Akaniuliza nikipanda basi huwa natia saini wapi. Nikasema kinyozi ana uzoefu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumatano, 5 Machi

Kaka yako amekuja. Tangu tulipotoka makaburini shemeji anataka gari liuzwe. Anasema linakunywa mafuta kama harusi, na kwamba nikiliendesha nafanana na chura aliyekwama kwenye kikombe. Hilo la chura ni kweli. Sijasogeza kiti chako mbele wala nyuma, kwa hiyo magoti yangu yanagusa usukani.

Akaiona tiketi juu ya kabati. Akasema ukoo mzima utaburutwa mbele ya watu kwa ajili ya gari lisilobeba mtu. Akatoa sharti: nikishindwa kesi hii, gari linauzwa. Binti akasema ni haki. Nikampa mkono shemeji, kwa nguvu, kama mtu mwenye mpango.

Mpango sikuwa nao. Nilikuwa nimeshika maneno mawili tu ya binti: kibao, hakionekani.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa ninao. Kile kibao kiko ukutani, na yale maua yanayotambaa yamebakiza kama kiganja kimoja tu kukifikia. Nimekwenda kwa miguu na kopo la maji. Nimeyanywesha. Tawi moja nimelivuta mbele ya maandishi nikalifunga kwa uzi wa zambarau, masalia ya sweta uliyoanza kunifumia ikaishia mkono mmoja.

Mlinzi akanijia. Ndiye aliyenibandika. Akauliza nafanya nini, baba. Nikasema napenda maua. Akafurahi. Akasema wazee wanaojali mazingira wamekwisha, akaniletea kigoda nikae. Kisha akanisaidia kuvuta tawi la pili. Ni mtu mwema. Hilo linanitatiza, nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Jumatatu, 10 Machi

Kibao kimefunikwa mpaka nusu! Nimekwenda kupiga picha za ushahidi. Lakini picha lazima zipigwe kutoka pale anapokaa dereva, vinginevyo msuluhishi atasema mimi ni mtembea kwa miguu. Kwa hiyo nimekwenda na gari. Jua lilikuwa baya. Nikangoja wingu. Wingu likachelewa.

Tiketi ya pili. Safari hii mlinzi alibisha hodi kwenye kioo kwanza, akaniomba radhi, akasema kazi ni kazi, baba. Nikamshikia gundi.

Jumatano, 12 Machi

Msiba. Meneja wa duka ameyaona maua na kuyasifu. Mlinzi, kwa wema wake, akamwambia kuna mzee amejitolea. Meneja akaona aibu kuachiwa kazi na mteja, akamwita mtunza bustani. Maua yamepunguzwa, kibao kimeoshwa, kimepakwa rangi upya, na juu yake kimewekewa taa. Sasa kinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Meneja ananishukuru.

Nimejipalia makaa kwa mikono yangu, na kuyapepea. Nimeusogelea ule uzi wa zambarau chini, nikauokota.

Kinyozi anasema tusikate tamaa. Kama kibao kinaonekana, basi tuseme herufi ni ndogo mno. Nitakwenda kila siku kuzichunguza.

Jumatatu, 17 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku ya usuluhishi; duka ndilo lililoniita. Chumba kidogo juu ya duka la simu, feni inalia. Msuluhishi ni mama mtu mzima, miwani imening'inia kwa mnyororo. Upande ule meneja na mlinzi. Nyuma yangu binti na shemeji. Mlinzi alinipungia mkono, nami nikampungia, kisha nikakumbuka kwamba sisi ni mahasimu.

Nilisimama vizuri. Nikaeleza kwamba herufi za kibao kile ni ndogo mno, mtu wa umri wangu na macho yangu hawezi kuzisoma kabisa. Msuluhishi akauliza kimeandikwa nini hasa. Nikaona nafasi ya kuonyesha jinsi kilivyo kirefu na cha kuchosha. Nikakisema chote. Kwa kichwa. Muda unaoruhusiwa, wanaoruhusiwa, malipo ya atakayezidisha, mpaka mstari wa chini kabisa unaokataza kutelekeza vitoroli. Mlinzi alikuwa akinifuatisha kwa midomo. Nilipokwama kwenye vitoroli, alinidokeza.

Nikakaa. Nyuma yangu shemeji alitoa sauti kama birika linalochemka.

Msuluhishi akavaa miwani ili anitazame vizuri. Akasema katika kazi yake hajapata kukutana na mtu anayeujua mkataba wake namna hii. Kisha akauliza, kama sikununua kitu, nilikuwa nafanya nini pale muda wote ule. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kuhusu sabuni. Ukanikimbia. Nikasema nilikuwa namngoja mke wangu. Akauliza kama alichelewa. Nikasema ndiyo.

Binti akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba na hakukipata. Meneja akainamia faili lake, halafu akasema tiketi ya pili wanaiondoa. Lakini ile ya kwanza, msuluhishi akasema kwa upole, inasimama. Kibao kilikuwepo, kilisomeka, na kiasi chenyewe si cha kuonea mtu. Huruma haivunji mkataba. Nilipe.

Nimeshindwa. Huko nje nikatoa ufunguo kabla shemeji hajauomba. Mkono ni mkono. Akaupokea, akaufungua mlango, akaingia upande wa abiria. Akakaa na ufunguo mapajani. Sikujua kama nimsubiri au niende kituo cha basi. Mwishowe akanyoosha mkono dirishani, akanirudishia, akasema nimpeleke nyumbani. Na nisipite njia ya mkato.

Njiani hakusema neno juu ya kuuza. Tulipofika hakushuka. Akasema utotoni ulikuwa ukimwambia ningoje hapa, narudi sasa hivi, na yeye mjinga anangoja. Nikamwambia karibu kwenye chama cha wanaongoja.

Jumamosi, 22 Machi

Nimelipa. Binti ameniapisha kwamba sitaegesha tena kwenye maegesho ya duka lile, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Nimeegesha kwa daktari wa meno, mlango wa pili. Pamejaa kivuli, na mlango wa duka unaonekana vizuri zaidi kutoka huku.

Hapa pia kuna kibao. Kikubwa. Sijakisoma. Nimeingia nimefumba jicho la upande ule, nikagusa nguzo kidogo, hakuna kilichovunjika ila taa. Nimelizungumza jambo hili na kinyozi kwa kina, naye ameliona kosa lilipokuwa. Mkataba usiousoma hauwezi kukubana. Kosa langu lilikuwa kusoma.

Anakuja mlinzi wa hapa, mwanamke, mwenye haraka. Ana karatasi ya buluu. Ya buluu hatujaijadili.

Acha niishie hapa, nitengeneze uso. Mama Watoto, huko uliko, unikumbuke.