Korongo Wawili wa Barafu

Jumatatu, 6 Mei
Mkuu wa jiko baridi, lile la saladi na mapambo ya barafu, anastaafu. Meneja wa hoteli ametangaza kwamba nafasi yake itachukuliwa na mmoja kati yetu wawili: mimi, au wifi yangu. Kila mmoja atachonga korongo wa barafu kwa ajili ya karamu ya Jumamosi. Atakayebaki wima hadi keki ikatwe, mchongaji wake ndiye mkuu.

Nikishindwa, dada wa mume wangu atanituma vitunguu kazini, kisha aje kunikagulia sufuria nyumbani. Jambo hili halivumiliki.

Wifi alinipongeza mapema, mbele za watu. Alisema msomi mzima wa chuo kikuu hawezi kushindwa na ndege asiye na damu. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa kiasi.

Jumanne, 7 Mei
Nimetafakari. Joto huiangamiza barafu. Basi baridi ndiyo nguvu yake, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo nguvu inavyozidi. Hoja inasimama. (Ama yawezekana haisimami, ila mimi ndiye niliyeiegemea.)

Friza zetu zimo katika chumba kimoja, zikitazamana kama sisi. Mchana, wapishi wakiwa mezani, nikanyata. Yangu nikaishusha hadi nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Ya wifi nikaipandisha ikaribie sifuri, gogo lake la barafu lilegee, aaibike. Nikaondoa vidole, nisijue kama vimeumwa na baridi au na dhamiri.

Mlango ukalia! Mlinzi. Aliuliza natafuta nini humo. Nilimjibu natafuta utulivu wa nafsi. Akanieleza kwamba humo kuna samaki tu.

Jumatano, 8 Mei
Siku ya kuchonga. Msiba.

Patasi ya wifi ilipita kwenye gogo lake kama kwenye sabuni. Maganda membamba, ya mviringo, safi. Kufikia chai alikuwa na mabawa!

Gogo langu lilikuwa gumu kupindukia. Pigo la kwanza, bawa likaruka. Pigo la pili, ufa ukapita kutoka kifuani hadi mkiani, kwa mlio uliowafanya wapishi wainame. Wifi aliniuliza kwa upole kama nachonga au naponda kokoto. Akanisihi, wifi yangu mpenzi, nisije nikaiangusha hoteli, watu wana watoto wa kusomesha.

Nimepima sababu mbili: ama patasi yangu ni butu, ama nadharia yangu. Nilielekea kuilaumu patasi. Hata hivyo, kufikia alasiri mabaki ya gogo, yakiwa yamekaa mezani na kuanza kutoa jasho, yalikatika kwa utiifu kabisa. Kumbe baridi kali huifanya barafu kuwa kavu ya moyo, ivunjike kama kioo. Kwa maneno mengine, nilimsaidia adui.

Alhamisi, 9 Mei
Gogo jipya. Nililiacha mezani kwanza hadi likang'aa. Nikachonga. Lo! Kifua, mdomo, na shingo ndefu nyembamba ambayo hata wifi aliitazama mara mbili. Nina matumaini, jambo ambalo daima hunitia hofu.

Nyumbani, mume wangu alilalamika kwamba sisi wawili tutamzika. Akimsifu dada yake, hapati usingizi. Akinisifu mimi, mama yake hapokei simu. Nilimwambia asisifu mtu, ale.

Ijumaa, 10 Mei
Nadharia mpya: baridi kali ndiyo adui. Hivyo friza yangu nimeipandisha karibu na sifuri, korongo wangu apumzike kwa starehe. Ya wifi nimeishusha hadi mwisho, wake akauke, apasuke akibebwa.

Nilikuwa bado nimeshika kidude cha friza yake niliposikia viatu vyake. Nikajibanza nyuma ya kreti za samaki. Aliingia. Akakisoma kipimajoto, kisha akakisoma tena. Akaguna, "Hee!" Akaondoka bila kugusa kitu.

Ile "hee" imeninyima chakula cha jioni.

Jumamosi, 11 Mei
Lifti iligoma. Korongo wa wifi akakaa kwenye ujia wenye ubaridi, kafunikwa kitambaa, akilizoea joto taratibu. Hakupasuka. Hata ufa wa unywele!

Nilifungua friza yangu. Korongo wangu hajayeyuka. Ameinama! Inaelekea barafu iliyokaribia kuyeyuka hulegea chini ya uzito wake yenyewe, polepole, kama mzee anayesinzia kikaoni. Ukumbini, meneja aliuliza ndege wangu ana nini. Nilisema anakunywa maji. Wakati wa hotuba mdomo uligusa sinia. Kabla ya keki kichwa kilikatika, kikateleza juu ya maji yake chenyewe urefu wote wa meza, kikatua mapajani mwa mgeni rasmi.

Korongo wa wifi alibaki wima hadi viti vilipoondolewa.

Jumapili, 12 Mei
Wifi ndiye mkuu.

Alikuja nyumbani. Akanivuta kando, akakiri kwamba kuhusu barafu hajui lolote. Alisema mtu fulani alimlainishia gogo kabla ya kuchonga, kisha akamgandishia ndege kabla ya karamu. Na kwamba mwenye elimu ya kiasi hicho katika jiko lile ni mmoja tu. Akanikumbatia, akalia. Mume wangu akalia. Nami nililia, kwa sababu zangu. Ameniteua kuwa msaidizi wake.

Wema wa namna hii hauji bure. Kesho anamwonyesha meneja mnara wa chokoleti, kazi yake ya kwanza kama mkuu, na ameniachia mimi niamue baridi yake. Nimelifikiria suala hili kwa makini na kwa haki. Barafu ni maji. Chokoleti si maji. Kwa hiyo kanuni zake hazina budi kuwa kinyume kabisa: baridi iliyomsimamisha korongo itaulegeza mnara. Ili mnara uanguke mbele ya meneja, yafaa niugandishe barabara.

Funguo ninazo.