Ng'ombe Aliyeugua kwa Simu

Kijiweni Kasulu, Mudathiri aligundua kitu: siku hizi ukimwambia mtu "nasema mimi," anakubishia mpaka jioni, ukimwambia "simu imesema," anavua kofia. Watu walikuwa wakiuliza akili mnemba hata kama maharage yameiva. Mudathiri akaona shamba limeshalimwa, kazi yake ni kuvuna tu.

Akavaa koti jeupe na buti mpya za mpira, bodaboda ikamshusha Titye kwa Apoline, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakisomesha watoto wake.

Mudathiri akamshika ng'ombe pua, akampiga picha, akaituma, akaikodolea macho simu kama mtu anayesoma taarifa ya msiba.

"Pole, mama. Akili mnemba inasema ni homa mbaya. Inaambukiza! Niuzie leo nimpeleke Kibondo, japo kwa bei ya mbuzi."

Apoline akatazama simu, akatazama kilima nyuma ya migomba.

"Inaambukiza kweli, baba?"

"Ukimgusa tu, umekwisha."

"Yesu wangu! Na wewe si umemshika pua?"

Kabla Mudathiri hajameza mate, mama alishapiga yowe kwamba mgeni kashika homa ya ng'ombe. Majirani wakafika mbio, Reverien mbele na panga lake, wakasimama mbali kama wameona chatu.

"Asitoke huyo!" Reverien akafoka. "Tuna watoto huku!"

"Ngojeni, na mimi niulize yangu." Apoline akatoa simu yake ndogo ya kitochi, iliyofungwa kwa mpira, akaitazama kwa heshima zote. "Inasema koti na buti vibaki zizini. Mwenyewe apakwe majivu, aende zake."

"Mama, kitochi hakina akili mnemba!"

Apoline akasogea, akanong'ona: "Na yako imepata wapi mtandao humu bondeni? Sisi tunaupata kule kilimani tu. Niwaambie hawa kwamba simu haijasema kitu?"

Mudathiri akalitazama panga. Ukweli ni mzuri, lakini si kila saa. Akavua buti.

Alipanda kilima peku, majivu mpaka kwenye kope. Kileleni simu ikalia mfukoni mwa suruali. Lilikuwa jibu la ile picha:

"Ng'ombe huyu anaonekana ana afya njema. Je, una swali jingine?"

Hakuwa nalo. Chini bondeni Apoline alikuwa anakamua, buti zimemkaa kama alipimiwa.